Spika tano sebuleni: zipi zinunuliwe, na zikae wapi?

Barua niliyoichagua wiki hii imetoka Tabata, Dar es Salaam. Aliyeiandika ni mzee aliyestaafu. Kiinua mgongo chake kimeingia benki, na baada ya kuezeka nyumba na kulipa ada za shule ametenga fedha kidogo kwa jambo ambalo, kama anavyosema, amelitamani tangu ujana wake, yaani kuwa na sinema ndani ya sebule. Sebule hiyo ina upana wa meta 4 na urefu wa meta 5. Amekwenda Kariakoo mara tatu, na mara zote tatu ameambiwa mambo tofauti. Duka la kwanza walimwonyesha boksi lenye spika tano na sabufa, limeandikwa wati 5,000. Duka la pili walimwambia aache hayo, anunue spika kumi na moja na nyingine zifungwe kwenye dari. La tatu walimcheka wakasema siku hizi watu wananunua saundiba, basi. Mwisho wa barua ameongeza neno lililonifanya nimjibu yeye kabla ya wengine. Mama yake mzazi, ambaye anaishi naye, hasikii maneno ya filamu; anasikia muziki na milipuko tu, na mzee angependa mama naye aifurahie fedha hiyo.

Nianze na hilo la mama, kwa sababu ndilo linaloonyesha fedha iende wapi.

Filamu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mitambo hii zimerekodiwa kwa mpango uitwao tano nukta moja. Maana yake ni kwamba sauti imegawanywa katika njia tano kamili. Tatu ziko mbele, kushoto, katikati na kulia, na mbili ziko pembeni mwa msikilizaji. Ile nukta moja ni njia ya besi peke yake, na imeitwa hivyo kwa kuwa inabeba kipande kidogo tu cha sauti, ule mvumo ulio chini ya hezi 120. Sasa, katika njia hizo, karibu maneno yote ya wachezaji hupitishwa kwenye spika ya katikati. Spika za pembeni hubeba mvua, kelele za umati, mwangwi wa pango, na ndege inayopita juu ya vichwa. Kwa hiyo mtu akikosa maneno ya filamu, dawa yake haiko pembeni wala nyuma. Iko katikati, chini ya televisheni, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapobana fedha ili wapate spika nyingi za kutundika ukutani.

Siwalaumu. Spika za pembeni ndizo kitu kipya, na wazo lenyewe linavutia. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi EMI, aliandikisha hataza ya sauti ya njia mbili, ile tunayoiita stirio. Mwaka 1940 Walt Disney alitoa filamu ya Fantasia ikiwa na mitambo iliyosambaza muziki ndani ya ukumbi, lakini gharama yake ilikuwa kubwa mno, na kumbi zilizoweza kuifunga zilihesabika. Wale waliowahi kuingia Empire au Avalon pale Dar es Salaam wanakumbuka kwamba sauti ilitoka mbele, nyuma ya pazia jeupe, ikaishia hapo. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ndiyo iliyowafanya wenye kumbi wengi duniani wakubali kugharimia mitambo ya Dolby. Njia tano nukta moja za kidijitali za Dolby ziliingia kumbini na Batman Returns mwaka 1992, na santuri za DVD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ndizo zilizozifikisha njia hizo majumbani kwa wingi.

Kuna jambo moja la kumbi hizo ambalo muuzaji hatakwambia, nalo ndilo ufunguo wa shughuli yote. Katika ukumbi wa sinema spika za pembeni si mbili. Ni safu nzima, zimepangwa ukutani kuanzia karibu na mbele hadi nyuma, ili mtazamaji asiweze kunyoosha kidole na kusema mvua inatoka kwenye kile kiboksi. Nyumbani tunaziomba spika mbili zifanye kazi ya safu hiyo. Spika ya pembeni iliyochaguliwa na kuwekwa vizuri ni ile ambayo mgeni wako hajui iko wapi mpaka umwonyeshe.

Tuje kwenye kununua. Ile namba ya wati 5,000 mzee aisahau kabisa. Boksi likiandikwa PMPO mbele ya wati, jua kwamba hicho si kipimo, ni tangazo. Geuza mtambo utazame kibandiko cha nyuma kinachosema unakula umeme kiasi gani. Mtambo unaovuta wati 60 kutoka ukutani hauwezi kutoa wati 5,000 za sauti mfululizo, kama vile mtu hawezi kuchota ndoo kumi kutoka kwenye ndoo moja. Na hata hizo 60 hazitoki zote, kwani sehemu hugeuka joto ndani ya amplifaya. Neno la kutafuta ni RMS. Aidha, ukizidisha wati mara mbili sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haliishangai. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu unahitaji karibu mara kumi ya wati. Ndiyo maana ni afadhali kuuliza spika ina wepesi gani, yaani inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa umbali wa meta moja. Yenye 90 itakupa kwa wati 50 kile ambacho yenye 87 itakupa kwa wati 100.

Angalia pia omu zilizoandikwa nyuma ya spika. Risiva nyingi zimetengenezwa kwa spika za omu 6 au 8. Spika za boksi, zile zinazouzwa pamoja na mtambo wake, mara nyingi ni za omu 3 au 4, na ukizihamishia kwenye risiva nyingine unaweza kuichemsha mpaka ijizime, au iungue. Nao mtambo uliotumika kutoka Japani ulitengenezwa kwa volti 100, wa Marekani kwa 120. Umeme wetu ni volti 230. Fundi akikwambia "chomeka tu mzee, haina neno," mwombe achomeke wa kwake kwanza.

Kwa spika za pembeni zenyewe, ukubwa si hoja. Besi yao unaweza kuiagiza iende kwenye sabufa, kwa hiyo kiboksi kidogo kinachoenea kwenye mkono mmoja kinaweza kufanya kazi hiyo kwa heshima. Kinachotakiwa ni undugu. Spika ya katikati na zile za kushoto na kulia zitoke familia moja ya kiwanda kimoja, na za pembeni zikiwezekana vilevile. Kila spika ina sauti yake kama mtu alivyo na sauti yake, na gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia katika spika zisizo ndugu, litasikika kama limebadilisha injini njiani. Kuna spika za pembeni zenye nyuso mbili, moja inatazama mbele na nyingine nyuma, zilizobuniwa ili kuiga ile safu ya ukumbini. Hizo zinafaa chumba chembamba ambacho watu wanakaa karibu kabisa na ukuta. Kwa sebule ya meta 4 spika ya kawaida ya uso mmoja inatosha.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio moja. Mwombe muuzaji aweke filamu ambayo jalada lake limeandikwa 5.1, achague mahali ambapo watu wanazungumza chumbani kwa utulivu, kisha nenda kaweke sikio kwenye spika ya pembeni. Ukisikia maneno ya mchezaji kwa nguvu ileile ya mbele, mtambo huo unanakili sauti mbili tu katika spika tano, na boksi linasema uongo. Ukisikia kimya, au upepo kidogo na mlango unaofungwa kwa mbali, uko mahali pazuri. Jaribio hili liangalie na waya pia. Televisheni ikiunganishwa na mtambo kwa ile waya ya vichwa viwili, chekundu na cheupe, zitapita njia mbili tu hata filamu ingekuwa na ishirini. Ili tano zipite inatakiwa HDMI au waya wa mwanga. Kadhalika, filamu zetu nyingi zenye sauti ya mtafsiri anayesimulia juu yake zinauzwa zikiwa na njia mbili, na hapo hakuna mtambo utakaorudisha kilichokwisha kuondolewa. Risiva itakisia tu.

Sasa mahali pa kuziweka. Chukua karatasi uchore uso wa saa. Wewe umekaa katikati, pale mishale inapofungwa, na televisheni iko kwenye 12. (Nazungumzia namba zilizoandikwa kwenye saa yenyewe. Tukianza kuzihesabu kwa Kiswahili hapa tutapotezana.) Spika ya mbele kulia ikae kwenye 1, ya kushoto kwenye 11. Ya katikati ikae chini ya televisheni, uso wake umeinuliwa kidogo uelekee masikioni mwa watu na si magotini. Ya pembeni kulia ikae kati ya 3 na 4, ya pembeni kushoto kati ya 8 na 9. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unazitaja hizi za pembeni kwa digrii 100 hadi 120, na hesabu ni hiyohiyo.

Tazama tena mchoro wako: kwenye 6 hakuna kitu. Mafundi wengi huzipeleka spika hizi nyuma kabisa, kwenye 5 na 7, kwa sababu wamezoea kuziita za nyuma. Pale ni mahali pa jozi ya ziada katika mpango wa spika saba. Ukiweka tano kwa mtindo huo unaacha shimo kubwa kati ya mbele na nyuma, na ndege badala ya kupita inaruka, inapotea mbele na kuzuka kisogoni.

Kwa sebule ya Tabata, televisheni ikae kwenye ukuta wa meta 4. Kata kamba ya meta 3. Iwe ndiyo nafasi kati ya spika ya kushoto na ya kulia, na iwe pia umbali wa kila moja hadi kwenye kochi. Utapata pembetatu yenye pande sawa, na kila spika itabaki na nusu meta hadi ukuta wa ubavuni. Kochi litaangukia kama meta 3 kutoka ukuta wa televisheni, na nyuma yake zitabaki kama meta 2, ambapo meza ya chakula inaenea. Za pembeni zifungwe kwenye kuta za ubavuni, nusu meta hadi robo tatu ya meta nyuma ya masikio ya aliyekaa.

Najua sebule zetu zilivyo. Makochi yamepangwa kuzunguka kuta zote, mgongo umeegemea ukuta, na kulileta kochi katikati ya chumba kunaweza kuonekana kama kuhama nyumba. Kama haiwezekani, basi kochi libaki ukutani na spika zikae moja kwa moja ubavuni, kwenye 3 na 9. Lakini hata sentimeta 50 za kulisogeza mbele zina faida, kwa maana ukuta ulio kisogoni hurudisha sauti papo hapo, na besi hujikusanya hapo.

Kimo nacho kina ubishi. Aliyekaa masikio yake yako kama meta moja kutoka sakafuni. Pandisha spika za pembeni sentimeta 60 hadi 90 juu ya hapo, usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyesimama. Zikiwa chini zaidi, anayekaa karibu nayo atapigwa kelele za sikio moja na wenzake watazibiwa na kichwa chake. Zikiwa kwenye kona ya dari kama taa ya ulinzi, mvua itanyesha lakini umati wa watu nao utakuwa umening'inia hewani. Zile spika za dari alizotajiwa mzee ni za mpango wa Dolby Atmos ulioanza kumbini mwaka 2012 na filamu ya Brave. Ni kitu kizuri, na kwa sinema ya kwanza ya nyumbani si lazima hata kidogo.

Spika zikishafungwa, risiva itakuuliza umbali wa kila moja. Usikisie, chukua futikamba. Kwa joto letu sauti husafiri karibu meta 350 kwa sekunde, kama milisekunde 3 kwa kila meta, na ubongo huamini kwamba sauti inatoka kule ilikotangulia kufika. Mjerumani Helmut Haas alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya mwaka 1949. Spika ya pembeni iliyo meta 2 isipocheleweshwa itaitangulia ya mbele iliyo meta 3 na kukuvuta shingo. Risiva ikijua umbali, inaichelewesha yenyewe. Ikikuuliza kama spika ni kubwa au ndogo, jibu ndogo, hata kama zimekugharimu, na weka mpaka wa besi kwenye hezi 80. Kisha piga ule mlio wa majaribio unaofanana na maji ya bomba, usawazishe zote kutoka mahali unapokaa. Wengi huzipandisha za pembeni ili wazisikie, kwa kuwa wamezilipia. Kwa ajili ya mama, pandisha ile ya katikati peke yake kwa desibeli 2 au 3.

Kwa mama huyo kuna jambo lingine, na halihitaji duka la vyombo vya muziki. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Chumba kikijibu kwa mlio unaotetemeka, basi vigae vya sakafu, plasta tupu na vioo vya madirisha vinazirusha herufi za maneno huku na huku mpaka zinagongana. Mzee mwenye sikio zito ndiye wa kwanza kuzipoteza. Zulia kati ya kochi na televisheni, mapazia mazito, rafu ya vitabu ubavuni. Vitu hivi huyafanya maneno yasikike kuliko kuongeza wati. Mimi kama ningekuwa na shilingi kumi, saba zingeishia kwenye risiva na spika tatu za mbele, moja na nusu kwenye sabufa, na za pembeni zingesubiri mwezi mwingine ikibidi. Risiva ukiiambia huna spika za pembeni, sauti zake inazigawia za mbele na hakuna kinachopotea. Saundiba nayo ina watu wake, hasa anayeishi chumba kimoja cha kupanga ambaye kesho anaweza kuhama.

Waya usikuumize kichwa. Shaba halisi ya milimeta mraba 1.5 inatosha kwa meta 10 za spika ya omu 8. Kwa omu 4 chukua 2.5. Shika jambo moja tu, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi pande zote mbili. Ukizipishanisha katika spika moja, moja inasukuma hewa huku mwenzake inavuta, besi inakauka na sauti ya pembeni inakosa mahali. Mlangoni pitisha waya juu ya fremu, usiupitishe chini ya mkeka ambako utakanyagwa.

Sabufa imebaki. Iweke kwa muda kwenye kochi, pale unapokaa wewe. Cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kandokando ya kuta ukisikiliza. Mahali utakaposikia kila noti ina uzito sawa, bila moja kuunguruma na nyingine kutoweka, hapo ndipo sabufa ikae. Watoto watacheka, waache wacheke. Kona huongeza besi bure na ndiyo maana wengi huipenda, lakini besi ya kona ndiyo pia inayovuka ukuta kwenda kwa jirani. Katika nyumba ambazo kuta za vyumba hazifiki kwenye paa, inapita juu bila hata kuukuta ukuta. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya meta 8. Pazia na mlango si kitu kwake. Ikishapita saa nne usiku tafuta kwenye rimoti kile kitufe cha usikilizaji wa usiku, kilichopo katika risiva nyingi. Hupunguza milipuko na kuinua minong'ono, na sabufa yenyewe unaweza kuizima bila kupoteza hata neno moja la filamu.

Wiki ijayo nitajibu barua za walioniuliza kuhusu antena na ving'amuzi.